Theluji ya Mkono wa Kushoto

Dada Masika,

Barua huanza kwa kuulizana hali. Mimi na wewe tuliruke hilo, maana nikikuuliza kama u mzima nitakuwa nakudhihaki, na ukinijibu nitahama nyumba. Leo ni Ijumaa, saa nane mchana, niko Bwera, uani kwangu, na kesho tunakuzika. Ndiyo, hatimaye. Kabla sijasimama mbele za watu nataka niyaseme kwako kwanza, kwa sababu ni yako kuliko yao.

Nianze na mikono. Ulinifundisha kufuma nikiwa na miaka tisa, wewe kumi na minne, katika ile nyumba ya mgodi kule Kilembe ambamo Baba aliendelea kukaa hata baada ya mgodi kulala. Siku ya kwanza uliniketisha ubavuni pako, tukagongana viwiko mpaka sindano ya kroshe ikanichoma paja. Wewe wa mkono wa kushoto, mimi wa kulia. Kila ulichofanya nilikiona kimegeuzwa. Mwingine angenifukuza. Wewe ulihamisha kigoda chako, ukaketi mbele yangu, magoti kwa magoti, ukasema, "Sasa wacha kufikiria. Mimi ni kioo yako. Mkono yangu ikienda upande ya dirisha, yako pia iende upande ya dirisha." Nikaweza siku hiyo hiyo. Toka hapo sijawahi kufuma vizuri bila mtu kuketi mbele yangu.

Mama alijaribu kuutibu mkono ule, unakumbuka? Aliufunga kwa kitambaa wiki nzima, na Bibi alikataa sahani yoyote uliyompa nao. "Mkono ya kushoto hapana peana na watu," Mama alikuwa akisema, Kiswahili chake cha kambi ya mgodi, ambacho alikitumia kwetu kila alipotaka kugomba. Kisha ukamfumia kitambaa cha meza, padri akakisifia mbele ya majirani, na kuanzia siku hiyo mkono wa kushoto ukawa kipaji cha Mungu. Mama yetu naye, kwa kugeuka, hajambo.

Kuna tofauti moja kati ya kazi zetu. Ua likianzwa katikati na kuzunguka kwenda nje, uzi wangu huenda kinyume cha mishale ya saa. Wako hufuata saa. Asiyefuma haoni kitu. Anayefuma anaona mara moja, kama mtu anavyoutambua mwandiko wa ndugu yake juu ya bahasha. Haya unayajua, nayaandika kwa sababu barua hii nitaiacha wazi, na watakaoisoma si wote wafumaji.

Nilipoolewa huku Bwera ulinifuata hadi kwenye kundi letu la akina mama wa parokia, ukawa unashuka kutoka Kilembe kila mwezi na mfuko wako wa uzi. Tulikuwa kumi na watatu. Karatasi ya mchoro aliileta Mama Kahindo, yule mama wa Butembo, Kongo, anayeuza vitenge mpakani Mpondwe. Aliihifadhi tangu alipokuwa msichana katika shule ya ushonaji ya masista. Ilikuwa picha ya chembe ya theluji, ncha sita, ya uzi mwembamba kiasi kwamba macho yalitoka machozi. Tukakubaliana kwamba kila mwaka, Jumapili ya kwanza ya Majilio, kila mmoja alete kumi na tatu, tubadilishane, na kila mmoja arudi nyumbani na theluji za mikono kumi na mitatu za kupamba Noeli. Tulizikausha kwa wanga wa muhogo uliotiwa chumvi kidogo kufukuza sisimizi, zimebanwa kwa pini juu ya ubao, kila ncha na pini yake.

Mama hakupenda. "Hiyo kitu kule juu ya mlima iko na mwenyewe," alisema. "Nyinyi natengeneza yake bila kuomba." Ulimjibu kwamba yetu ni ya uzi, mwenyewe hawezi kuona imepungua. Lakini unakumbuka asubuhi ile tulipokwenda Kasenyi, kule ziwani, kununua samaki? Kulikuwa safi, bila ukungu, tukageuka nyuma na mlima ukaonekana wote mpaka kileleni. Ulitoa theluji moja mfukoni, ukafumba jicho, ukainyoosha mbele yako ukaifunika theluji yote ya mlimani kwa ua la uzi. Ukakaa hivyo muda mrefu. Uliposhusha mkono ulisema, "Biira, imekuwa kidogo sana. Nimefikia kuifunika yote." Mchuuzi wa samaki alikuwa anatuita, na tukamwendea.

Halafu mto wa Kilembe, Nyamwamba, ukaja. Huko nitarudi, sitakimbia. Acha kwanza nikusimulie kilichofuata, kwa sababu wewe ndiwe uliyekifanya na ningependa ujue jinsi kilivyotupata sisi wa huku.

Mwaka wa kwanza baada yako tulibaki wanawake kumi na wawili. Nilifuma kumi na mbili, peke yangu, nikikitazama kigoda kitupu mbele yangu. Jumapili, baada ya Misa, kila mmoja akazunguka meza akachukua yake, na kikapuni kwangu ikabaki moja. "Ulihesabia nani?" mmoja aliuliza, kisha akajutia swali lake. Mama Kahindo, ambaye hapendi kitu kipotee, akaichukua akaiweka kwenye mkoba.

Baada ya wiki alinirudishia, ameizungushia mfuko wa nailoni.

"Biira, kamata kitu yako. Niliitundika ku mulango, asubui nakuta mayi chini. Mvula haikunyesha. Nikaanika ku jua, bado mayi inatoka."

Nilimwambia labda ni chumvi ya kwenye wanga.

"Mi najua chumvi, na najua kroshe," alisema. "Hii iko na mutu."

Mwaka wa pili nilimwita mume wangu Baluku, ambaye kama unavyojua ni mwalimu wa hesabu, akazihesabu kwa kidole: kumi na mbili. Tukazifungia ndani ya kopo la biskuti. Jumapili asubuhi nikalifungua mbele yake: kumi na tatu. Alisema tulikosea. Nikamwuliza iweje mwalimu wa hesabu akosee kuhesabu hadi kumi na mbili. Akaenda kukata majani ya mbuzi, na mbuzi walikuwa wameshiba.

Ndipo nilipozipeleka dirishani moja moja. Kumi na mbili zilizunguka kinyume cha saa. Moja ilifuata saa. Ilikuwa imekazwa kwenye ncha kwa vitanzi viwili, vile ulivyokuwa unakaza wewe, na mimi sijawahi kukaza hivyo maishani mwangu. Ilikuwa na maji. Niliinusa, nikapata ile harufu ya Kilembe baada ya mto kupita, harufu ya mawe yaliyosagana. Nilikaa chini sakafuni na sikwenda Misa.

Mwaka wa tatu niliamua kuwa mjanja. Sikufuma hata moja. Niliwaambia wenzangu macho yananisumbua, nikaivingirisha kroshe ndani ya kitambaa na kuifungia sandukuni. Jumapili ile tulikwenda Misa sote, mimi, Baluku na Mama, ambaye amekaa kwetu tangu nyumba ya Kilembe ipotee. Tuliporudi nilikwenda jikoni kuchukua maji. Ubao ulikuwa umeegemezwa nyuma ya mlango kama siku zote, na juu yake kulikuwa na theluji moja, pini sita, kila ncha imevutwa sawasawa. Niligusa wanga. Ulikuwa bado una joto, na jiko langu lilikuwa limepoa tangu asubuhi.

Dada, mtu huzoea hata hofu. Mwaka wa nne na wa tano nilifuma zangu kumi na mbili, nikangoja yako, nikaichomoa kabla ya Misa na kuiweka pamoja na wenzake kwenye beseni la buluu chini ya kitanda, kwa sababu hazikauki. Maji yakijaa kidogo nayamwaga kwenye migomba ya nyuma. Kigoda chako nacho sikukigusa. Nikikihamisha nakosea kila mzunguko, nafumua mpaka uzi unaota manyoya. Nikikirudisha mbele yangu mikono yangu inakwenda yenyewe, haraka kuliko akili, na najua naongozwa. Nilikuwa nafuma kichwa kimeinama. Sikuthubutu kutazama mbele.

Mama nilimficha yote. Macho yake yamepungua, haikuwa kazi. Lakini mwaka huu hukungoja Majilio. Ilikuwa mwisho wa Oktoba, sijanunua hata uzi. Mama alikuwa amesinzia barazani baada ya chakula, akaamka akaniita.

"Hii ni ya nani?"

Ilikuwa mapajani mwake, nyeupe, imemlowesha gauni.

"Yangu, Mama," nikasema.

Alipitisha kidole gumba juu yake, akazunguka polepole kutoka katikati mpaka nje. Mama hajui kufuma, wewe unajua. Lakini ndiye aliyeufunga mkono ule kwa kitambaa wiki nzima, na ndiye aliyeufungua.

"Hapana yako," alisema. "Hii ni mkono ya Masika. Na iko na baridi." Akaishika kwa mikono miwili. "Mtoto wangu amekaa kwa maji siku mingi. Tumuweke kwa udongo."

Unajua desturi yetu mwili usipopatikana. Walikutafuta mpaka kwenye matete ya ziwa, wakarudi na viatu vya watu wengine. Hapo ndipo unapokatwa mgomba, ukavishwa sanda, ukazikwa kwa jina la mtu, ili aliyepotea ajue kwao ni wapi. Miaka sita wazee wamenibembeleza nikubali, na miaka sita nimekataa. Watu walinisifia. Walisema, "Biira hajakata tamaa, anampenda dada yake." Hata kwenye mahubiri niliwahi kutolewa mfano wa matumaini, na mimi nikainamisha macho kwa unyenyekevu.

Haikuwa matumaini. Niliacha kukutumaini dakika ile ile. Nilikataa kwa sababu ya ile desturi nyingine: kabla jeneza halijashuka, mtu aliyekuwa na marehemu mwisho lazima asimame aeleze alivyokufa, neno kwa neno, na watu wana haki ya kuuliza. Mtu huyo ni mimi. Hakuna mwingine aliyeona.

Niliwaambia wote kwamba ulirudi ndani kuchukua karatasi za marehemu Baba. Ikapendeza. Binti mkubwa, karatasi za baba yake. Mama alilishika hilo likawa ndilo analojiliwazia.

Sasa haya ndiyo yaliyotokea. Ilibaki siku mbili kubadilishana. Nilikuja Kilembe tumalizie pamoja, Mama alikuwa sokoni Kasese. Kwetu bondeni jua lilikuwa linawaka, mvua ilikuwa huko juu mlimani kwa wenyewe. Tulisikia mawe yakigongana mtoni kabla hatujaona kitu, na jirani akapiga kelele, tukatoka mbio tukapanda kile kijia cha nyuma ya nyumba. Tulikuwa tumefika juu, Dada. Tulikuwa tumefika. Nikageuka nikaona maji yamefika kizingitini tu, hayajavuka kifundo cha mguu, na nikakumbuka ubao wetu juu ya meza, theluji ishirini na sita, kazi ya miezi miwili.

Nilisema, "Theluji zangu! Rudi, Dada, wewe una mbio."

Mimi ndiye niliyesema. Hukufikiria karatasi ya mtu yeyote. Nilikutuma kama mtu anavyomtuma mtoto chumvi, na ukaenda. Uliingia. Ukatokea mlangoni umebeba ubao juu ya kichwa kwa mkono wako wa kushoto, na hapo ndipo maji yenye mawe yalipofika. Sikukuona tena. Niliuona ubao ukizunguka juu ya matope, ukifuata saa, theluji zote zimebanwa vizuri, mpaka kwenye kona ya mto.

Kwa hiyo sikushangaa ulipoanza kuniletea. Nilizitaka, nikakutuma, unaleta. Moja kila mwaka, zimebaki ishirini. Nimehesabu, nitakuwa bibi kizee zitakapokwisha. Nilichoogopa zaidi ya hilo ni kwamba umeanza kumpelekea Mama.

Jina langu, kama ujuavyo, ni la binti wa pili. Kila aniitaye Biira, hata mpita njia, anasema bila kujua kwamba yuko aliyenitangulia. Wiki hii nimeitwa mara nyingi sana, kwa mambo ya sufuria, turubai na maji ya wageni. Baba Mdogo amekwisha kuchagua mgomba wa kesho. Kati ya yote iliyopo ameuchagua ule wa nyuma ya nyumba, unaokunywa maji ya beseni, akasema hajaona shina lililonyooka hivyo. Asubuhi hii nikaona siwezi kumwacha Mama ayasikie kesho pamoja na majirani.

Nilimkuta uani anaambua maharage ya wageni. Nikakaa chini nikamwambia yote, kama nilivyokuandikia hapa, mpaka "Rudi, Dada, wewe una mbio." Mikono yake ilisimama. Nilingoja laana. Nilikuwa nimejiandaa kwa laana, hata kanga nilikuwa nimeifunga kwa nguvu.

Aliuliza, "Yeye nasema nini?"

"Alisema, 'Wewe na hiyo theluji yako.' Halafu akacheka."

"Nacheka?"

"Alicheka, Mama. Alicheka kushuka kile kijia chote, mpaka mlangoni."

Kuku wakaanza kuyasogelea maharage na hakuna aliyewafukuza.

"Miaka sita," alisema, "mimi nasikia yeye nalia. Kila siku nikilala mchana, nikiamka, nasikia mtoto wangu nalia kwa maji na karatasi ya baba yake. Na wewe ulikuwa na hiyo kicheko. Ulikuwa nayo kwa tumbo yako, ukanyima mimi."

Dada, nilidhani nimemficha Mama kosa langu. Kumbe nilichomficha ni wewe.

Akaniambia, "Cheka vile alicheka."

Nikasema siwezi.

"Cheka."

Nikajaribu. Ikatoka mbaya, ya koo. Mama akatikisa kichwa. "Hapana. Ya Masika ilikuwa naanza kwa pua." Akajaribu yeye, meno yake matatu, macho yamefumba. Nikamwambia karibu, lakini yako ilikuwa na mkatiko katikati, kama mtu aliyejikwaa kwenye ngazi. Akaongeza mkatiko. Nikamfuata. Tulikaa hapo wanawake wawili na maharage, tunakuunganisha kipande kwa kipande, machozi yakitushuka, na polepole kicheko kikafanana, kikafanana sana, mpaka nikanyamaza. Mama naye akanyamaza.

Kicheko kiliendelea kidogo, kutoka upande wa chumbani liliko beseni, halafu nacho kikaisha.

"Umesikia?" Mama aliuliza.

"Nimesikia."

Aliokota ungo wake. "Haya," alisema. "Maliza hii maharage. Kesho watu ni mingi."

Kesho nitasimama, Dada, na nitasema kwamba nilikutuma. Watakaoniangalia vibaya wana haki yao. Kisha nitasema kwamba ulikwenda huku unacheka, na hilo nitalisema kwa sauti, kwa ajili ya Mama. Udongo wa kwa Baba Mdogo uko mlimani, hauingii maji hata wakati wa masika. Nilikwenda jana kuushika kwa mkono wangu.

Lala sasa, Dada yangu. Lala pakavu.

Mdogo wako,
Biira